SOMO: KILA KIONDO KIWE NA NAMBARI YAKE



Siku hizi vikundi vingi vya akina mama havingoji tena siku ya soko. Picha ya kiondo inapigwa kwa simu, inatiwa kwenye intaneti, na mteja wa Nairobi anaagiza kabla ya jioni. Ni jambo jema, lakini hapo ndipo ugomvi huanza.

Mteja anasema, "Nataka kile kikubwa cheusi." Stoo ina vikubwa vyeusi vya aina tatu. Anatumiwa kingine, anakirudisha, nauli ya basi inalipwa mara mbili, na mweka hazina anaulizwa pesa zimeenda wapi. Watu wanaanza kushukiana wizi, kumbe hakuna aliyeiba.

Dawa ni kuipa kila aina ya bidhaa nambari yake. Tazama hii: KND-B-NS-2. KND ni kiondo, B ni kikubwa, NS ni nyeusi, na 2 ni mkanda wa katani. Chenye mkanda wa ngozi kitakuwa KND-B-NS-1. Mkeka waweza kuanza na MKK.

Kwa rangi, kuweni waangalifu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe zote huanza na NYE, kwa hivyo andikeni NK, NS na NP. Msitumie herufi O wala I, maana husomwa kama sifuri na moja. Nambari isianze na sifuri pia, kwa sababu kompyuta mara nyingi huifuta. Na bei msiitie ndani ya nambari! Bei ikipanda mtafanya nini?

Aina ikiisha kabisa, nambari yake isipewe bidhaa nyingine, la sivyo hesabu za mwaka jana zitachanganyika na za mwaka huu.

Sasa daftari. Kila nambari ipewe ukurasa wake. Mlikuwa na 24, zikaingia 10, zikauzwa 7: zinafaa kubaki 27. Mwisho wa mwezi watu wawili wahesabu stoo. Wakipata 26, mnajua ni aina gani iliyopungua, na mnaanza kuulizana hapo tu, si stoo nzima. Kikibaki kimoja, yule wa simu amwambie yule wa sokoni kabla hajakiuza, msije mkakiuza mara mbili.

Wengine watauliza: je, ile mistari myeusi ya supamaketi? Hiyo ni nyingine. Hapa kwetu hutolewa na GS1 Kenya kwa malipo, na nambari zake huanza na 616. Itahitajika mkitaka kuuza kwenye maduka makubwa. Hizi zenu mnajitungia bure, leo hii.

Zoezi la kikundi: leteni bidhaa kumi mkutanoni. Mmoja aandike nambari zake, kisha mwingine ambaye hakuwepo azisome na kuchagua bidhaa. Akikosea hata moja, rekebisheni nambari kabla ya kufunga lebo.