Mwanangu Anataka Kuchoma Bendera

SWALI: Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio. Mwaka jana niliapa kuwa raia wa Marekani, na siku hiyo nililia. Juzi mwanangu wa miaka 21 alinionyesha video ya maandamano: bendera inachomwa, naye anapiga makofi. Anasema safari ijayo ataichoma mwenyewe. Tangu siku hiyo hatusemezani. Je, hili halifai kuwa kosa la jinai? – Baba Mwenye Uchungu

JIBU: Pole, baba. Sitakuambia bendera ni kitambaa tu. Wanaosema hivyo hawajahangaika miaka na mafaili ya uhamiaji. Tena umekulia Kenya, ambako sheria inahesabu kuidharau bendera kuwa kosa.

Huko uliko, mambo ni mengine. Mwaka 1984 chama cha Republican kilikutana Dallas kumteua tena Rais Ronald Reagan kugombea urais, na Gregory Lee Johnson akachoma bendera katika maandamano ya kuwapinga. Texas ikampa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 2,000. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba hukumu hiyo ilikiuka Katiba, majaji watano dhidi ya wanne. Bunge la Marekani likatunga sheria mpya upesi upesi. Mwaka 1990 majaji walewale wakaitupa nayo. Kati ya wale watano alikuwemo Antonin Scalia, mhafidhina aliyezoea kusema kwamba angekuwa mfalme, wachoma bendera angewafunga. Hakuwa mfalme, akafuata Katiba.

Nami nasimama na wale watano. Kanuni za bendera za Marekani zenyewe zinasema bendera iliyochakaa iteketezwe kwa heshima, ikiwezekana kwa moto. Maveterani huzichoma kila mwaka, na watu huwapigia saluti. Moto ni uleule. Ukimfunga kijana na kumwacha mkongwe, umemfunga kwa alichokuwa akikiwaza, na serikali ikishapewa ruhusa hiyo haitaishia kwenye bendera.

Linalonitia hofu mimi ni makaratasi ya mwanao. Ulipoapa alikuwa ameshapita miaka 18, kwa hiyo uraia wako haukumfikia. Kama bado yuko kwenye grinikadi, ajue kwamba Agosti 2025 Rais Trump alitia saini amri inayowataka waendesha mashtaka watafute kila kosa linaloweza kuambatana na uchomaji bendera, na inayogusa pia viza na ukaazi wa wageni. Amri ya rais haifuti uamuzi wa mahakama. Lakini kushinda kesi baada ya kukaa kizuizini ni ushindi wa gharama kubwa. Kupiga makofi si kosa. Kuchoma bendera ya mtu mwingine, au kuwasha moto palipokatazwa, ni kosa, hata kwa raia.

Na wewe, baba, niwie radhi: naona unatamani sheria imkemee mwanao kwa niaba yako. Kazi hiyo ni yako. Mwite leo. Muulize kwanza ni nini kilichomkasirisha hivyo, umsikilize hadi amalize, ndipo umweleze ulivyoumia. Kisha nendeni pamoja kwa wakili wa uhamiaji kabla ya maandamano yajayo.