Sufi, Pamba na Katani: Kuwakinga Wazee Wanapoanguka

Umepata kuona msufi? Wakati wa kiangazi matunda yake hupasuka, na sufi nyeupe hupeperushwa na upepo. Katika Wilaya ya Kilosa, ambamo mji wa Mikumi umo, kuna misufi, pamba na mashamba ya mkonge, kama yale ya Kimamba. Je, nyuzi za mimea hii zaweza kumsaidia bibi yako?

Kadiri mtu anavyozeeka, mifupa yake hupungukiwa na uimara. Mzee akianguka kwa ubavu, mfupa wa paja huweza kuvunjika karibu na nyonga. Wengine hawawezi tena kutembea bila kusaidiwa. Mto mdogo uliovaliwa ubavuni mwa nyonga huweza kupunguza madhara hayo.

Jaribio

Vifaa: vifuko vitatu vya kitambaa, sufi, pamba, nyuzi za katani, udongo wa mfinyanzi na rula.

1. Jaza kila kifuko kitu kimoja, mpaka kiwe na unene wa sentimita 5.
2. Finyanga matufe manne ya udongo yaliyo sawa.
3. Angusha tufe moja juu ya sakafu tupu kutoka kimo cha mita 1. Angusha mengine juu ya vifuko, kila moja juu ya kifuko chake.

Lipi limebonyea zaidi? Bila shaka ni lile la sakafuni, kwa sababu lilisimama ghafla. Kifuko hubonyea, tufe likasimama polepole, na nguvu ya mgongano ikaenea mahali papana.

Kuchagua nyuzi

Unyuzi wa sufi una uwazi ndani uliojaa hewa. Kwa hiyo sufi ni nyepesi. Tena hailoweki upesi. Pamba hufyonza jasho. Yafaa kuwa kitambaa cha nje, hasa penye joto. Katani ni imara lakini hukwaruza ngozi. Hufaa zaidi kwa kamba. Sufi ikishindiliwa sana haikingi vizuri, hivyo ianike juani na kuichambua.

Kumbuka: mto haumzuii mtu kuanguka. Ondoa majembe na kuni njiani, na uwashe taa usiku.

Maswali

1. Kwa nini mzee huumia zaidi aangukapo?
2. Kwa nini sufi ni nyepesi?
3. Taja vitu viwili nyumbani kwenu viwezavyo kumwangusha mzee. Leo utaviondoaje?