Taharuki na Hadithi ndani ya Hadithi katika Alfu Lela Ulela

Watahiniwa wengi hutaja taharuki kisha wakaishia hapo. Onyesha inavyofanya kazi. Mfalme Shahriyar huoa mwanamwali kila usiku na kuamuru auawe asubuhi. Shahrazad, binti wa waziri, anajitolea kuolewa naye. Zingatia kwamba hajipendekezi kusimulia. Mdogo wake, Dinarzad, ndiye anayeomba hadithi. Mfalme anageuka hadhira bila kujua. Alfajiri fanani ananyamaza kisa kikiwa katikati, naye mfalme anamwacha hai ili asikie mwisho.

Sasa tazama kisa anachoanza nacho. Mfanyabiashara anatupa kokwa ya tende, inamuua mwana wa jini, na jini anataka kisasi. Wazee watatu wanatokea. Kila mmoja anasimulia yaliyompata, na kwa kila kisa jini anasamehe thuluthi ya damu ya mfanyabiashara. Yaani uhai unakombolewa kwa masimulizi, na anayesikiliza haya ni mfalme mwenye upanga! Watahiniwa wachache huiona hoja hii.

Zoezi: "Dinarzad si mhusika mdogo." Jadili. (alama 10)