SOMO LA ROBO HII: Nani Anaitambulisha Tovuti Yenu?



Somo la robo hii limetokana na swali ambalo makatibu wa kamati wamekuwa wakituuliza: tovuti tumeshatengeneza, picha tumeweka, taarifa ya kisima imo, mbona mtu akitafuta kwenye Google hatuonekani? Swali hili haliwahusu vijana wa kompyuta peke yao. Mfadhili mpya asipotuona huamini kwamba hatupo, na fedha za bati au za dawa zinakwenda kwingine.

Fanyeni jaribio dogo. Andikeni neno "Serengeti" mtafute. Mtaletewa simba, nyumbu na mahoteli. Andikeni "Mara", mtapelekwa kwenye hifadhi ya Maasai Mara ya nchi jirani ya Kenya, au kwenye sentensi za Kiswahili ambamo neno hilo lina maana nyingine kabisa. Andikeni "Tarime", na habari za dhahabu ya Nyamongo hazitakuwa mbali. Kata ya Kisaka, pamoja na shule zake na vikundi vyake vya akina mama, itawabidi muitafute kwa uvumilivu. Majina ya kwetu yamekwisha kukaliwa na wakubwa. Hivyo basi tunahitaji kutambulishwa.

Jambo la utambulisho sisi tunalijua vizuri kuliko watu wengi. Muumini anapohama kwenda parokia nyingine huchukua barua. Jumuiya yake inamshuhudia, katekista anathibitisha, paroko anaweka sahihi na muhuri. Mtu akitaka kufungua akaunti ya benki au kupata kitambulisho, anaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na kumalizia kwa mtendaji. Anayepokea barua hamjui mgeni aliye mbele yake, ila anamjua aliyeandika. Mtume Paulo naye alifanya hivyo hivyo alipomtambulisha Fibi wa Kenkrea kwa Wakristo wa Roma. Someni mwanzo wa sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, mtaona jinsi maneno machache ya mtu anayeaminika yalivyotosha kumfungulia dada huyo milango ya mji ambao hakuwa mwenyeji wake.

Kwenye intaneti barua hiyo inaitwa kiungo (si vile vya pilau). Ni maneno yaliyomo katika ukurasa wa tovuti moja ambayo msomaji akiyabonyeza anapelekwa kwenye tovuti nyingine. Tovuti ya jimbo ikiandika habari za zahanati yenu na kuweka kiungo kinachoelekea kwenu, imewaandikia barua.

Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Larry Page na Sergey Brin, ndio waliofanya utambulisho huu kuwa hesabu. Walianza utafiti wao mwaka 1996, na mwaka 1998 wakaanzisha kampuni ya Google. Wazo walilitoa kwa wasomi: kitabu kinachotajwa na vitabu vingine vingi huhesabiwa kuwa na uzito, na kikitajwa na kitabu ambacho nacho kinatajwa sana, uzito unaongezeka. Hesabu hiyo waliiita PageRank, kwa jina la huyo Page.

Hapa kuna jambo ambalo kamati nyingi hazijaelezwa. Katika hesabu ile ya mwanzo, ukurasa unaowatambulisha wengine unagawa uzito wake kwa wote unaowatambulisha. Kwa mfano, na tunarahisisha, ukurasa wenye uzito wa 60 ukiweka viungo 3, kila anayetajwa anapata 20. Ukurasa huo huo ukiweka viungo 300, kila mmoja anaambulia sehemu mbili za kumi tu. Nanyi mnalijua hili: mtendaji anayesaini barua ya kila anayepita barabarani, barua yake haiheshimiwi wilayani. Ndiyo maana kutajwa mara moja na shirika linalowajua, katika ukurasa unaozungumzia kazi yenu, kunazidi kuorodheshwa katika tovuti mia moja ambazo kazi yao ni kuorodhesha. Tangu wakati ule Google imeongeza vigezo vingine vingi, kama vile ubora wa maandishi yenyewe na urahisi wa kusomeka kwenye simu, lakini viungo havijaachwa.

Mfano mzuri tunao hapa hapa Serengeti. Kazi ya nyumba salama za Mugumu, zinazowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni, inajulikana katika nchi nyingi. Mmoja wa waliojitoa kwa kazi hiyo ni Bibi Rhobi Samwelly, anayeongoza shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa Crowd2Map, kwa ushirikiano na shirika la Tanzania Development Trust la Uingereza. Vijiji vyetu vingi havikuwamo kwenye ramani, na gari la kumfuata msichana usiku lilikuwa halijui lipite wapi. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakakaa mbele ya kompyuta zao, wakatazama picha za satelaiti na kuchora barabara na nyumba katika ramani huria ya OpenStreetMap, na wenyeji wakaongeza majina ya mahali.

Shabaha ilikuwa wasichana wafikiwe. Hakuna aliyekaa akapanga kutafuta viungo. Lakini kila aliyeshiriki, na kila mwandishi aliyeandika habari za ramani, ilimbidi aeleze ramani ile ni ya nini, na hapo akaitaja Mugumu. Viungo vya namna hiyo havinunuliki.

Zipo kamati zitakazojaribu kuvinunua hata hivyo. Barua pepe za watu wasiojulikana hufika karibu kila wiki, zikiahidi mamia ya viungo kwa dola chache na nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya mwezi. Tafadhali msitoe fedha za sadaka kwa jambo hilo. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilikuwa likipata nafasi za juu kwa msaada wa viungo vilivyolipiwa, vilivyotawanywa katika tovuti zisizohusiana na bidhaa zake. Google ikalishusha. Kampuni ilisema haikujua, ikaachana na wakala wake. Mwezi Aprili 2012 Google ikaleta utaratibu ulioitwa Penguin, wa kuzishusha tovuti zenye viungo vya hila. Siku hizi mara nyingi viungo hivyo hupuuzwa kimya kimya: hamtaadhibiwa, ila fedha zimekwenda na mahali penu ni pale pale. Aidha, kiungo mnachokituma kwenye kundi la WhatsApp kinawasaidia watu wa kundi hilo, lakini Google haikioni.

Waombeni basi wale ambao tayari wanawajua: jimbo au dayosisi, shirika lililochimba kisima, hospitali inayowapokea wagonjwa wenu wa rufaa, chuo kilichotuma mtafiti akakaa kwenu miezi mitatu, na hasa parokia rafiki ya ng'ambo. Hawa wengi wameshaandika habari zenu, ila hawakuweka kiungo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa mna tovuti. Barua ya mistari minne inatosha. Wapeni na maneno ya kuandika. Kiungo kinachosema "bonyeza hapa" hakimwambii mtu wala Google kilichoko upande wa pili. Kinachosema "zahanati ya parokia, kata ya Kisaka, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara" kimesema yote. Jina la mradi liandikwe kwa namna moja kila mahali. Tukiandika Kuria leo na Kurya kesho tunajigawa wenyewe.

Na uhusiano ukibadilika, viungo navyo viangaliwe. Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilianza uhusiano na Dayosisi ya Wakefield ya Uingereza mwaka 1988. Mwaka 2010 Mara ilizaa dayosisi za Tarime na Rorya. Mwaka 2014 Wakefield iliunganishwa na jirani zake ikawa Dayosisi ya Leeds, na urafiki ukaendelea. Sisi wanadamu tunafuatana kwa barua na ziara. Tovuti haziwezi hivyo. Ofisi mbili zinapoungana, kurasa za zamani hufutwa au kupewa anwani mpya, na utambulisho wa miaka mingi unaweza kukatika bila mtu kujua. Rafiki yenu akiwaambia amehamia tovuti mpya, mpongezeni, halafu mwulizeni kama ukurasa wenu umehamishwa pamoja naye.

Kubwa kuliko yote ni ada ya jina la tovuti yenu wenyewe, lile linaloishia kwa .or.tz au vinginevyo. Jina hulipiwa kwa kipindi. Mhasibu akisahau, jina likaachwa, linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, na wapo wanaotafuta hasa majina ya namna hiyo kwa sababu ya barua za utambulisho zilizokwisha kuelekezwa huko. Wanaweka humo michezo ya kamari. Yule mama wa Leeds anayebonyeza kiungo cha parokia yake rafiki anakuta matangazo ya bahati nasibu. Mwezi Machi 2024 Google iliutaja mchezo huu kati ya yale inayoyapiga vita, lakini Google haiwezi kuwarudishia jina lenu. Ada hiyo ni ndogo. Iandikwe kwenye bajeti ya kila mwaka, na jina lisajiliwe kwa parokia, lisiwe la kijana mmoja ambaye kesho atapata kazi Mwanza.

Tahadhari moja haina mjadala. Kuonekana kuna gharama yake. Kadiri viungo vinavyoongezeka, ndivyo kila kilichomo kwenye ukurasa kinavyofika mbali, pamoja na kurudi kijijini. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa kwa sheria ya mwaka 1998, lakini ndugu waliokasirika nao wana simu. Sura ya msichana, jina lake, kijiji chake, au njia ya kufika mahali anapolala visiwemo kwenye tovuti, hata kama mfadhili ameomba picha. Mfadhili anayeelewa atapokea idadi na maelezo. Asiyeelewa aelimishwe kwa upole, na picha asipewe.

Kabla ya toleo lijalo, kila kamati ifanye kazi ifuatayo. Katibu aandike majina ya wote waliofanya kazi nasi katika miaka kumi iliyopita, na mbele ya kila jina aweke alama kama tovuti yao inatutaja na kama ina kiungo. Google inatoa huduma ya bure iitwayo Search Console inayoonyesha ni nani wanaoelekeza viungo kwenu. Mwalimu wa kompyuta wa sekondari ya karibu anaweza kusaidia kuifungua. Mwenyekiti asaini barua tano za kwanza. Mhasibu alete kikaoni tarehe ambayo ada ya jina la tovuti inakwisha, na tarehe hiyo ibandikwe ukutani karibu na ratiba ya ibada.