Chagua Punda Dume kwa Kazi Yake: Somo Kutoka kwa Wafuga Farasi wa Ufaransa



Huko Ufaransa sehemu nyingi zilijitengenezea farasi wake. Wakulima wa Perche walihitaji mnyama wa kuvuta jembe na magari mazito, wakapata Percheron, anayeweza kufikia kilo 900 na zaidi. Kusini, kwenye mabwawa ya Camargue, wachunga ng'ombe hupanda farasi wadogo weupe waliozoea maji na matope. Watu wa Poitou walifuga punda wakubwa wenye manyoya marefu. Madume yao yalipanda farasi majike ili wazaliwe nyumbu wa kazi. Njia yao ilikuwa moja: dume linalofaa kazi huzalisha, lisilofaa huhasiwa.

Je, farasi hao wangetufaa Tanga? Hapana. Katika mapori yetu wapo mbung'o, waenezao ndorobo. Wapo pia usubi, waenezao tauni ya farasi inayoua farasi wageni kwa wingi. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote walikufa kabla ya safari kufika mbali. Punda wetu huvumilia zaidi, ingawa naye hupata ndorobo.

Kwa hiyo usihangaike na farasi. Boresha punda uliye naye.

1. Chagua dume lenye mgongo ulionyooka, miguu na kwato imara, na lililo tulivu. Lisiwe ndugu wa majike yako. Madume mengine yahasiwe na mtaalamu.

2. Jike lisipandwe kabla ya kutimiza miaka 3.

3. Mzigo usizidi theluthi ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 130 abebe kama kilo 40, yaani madumu mawili ya maji ya lita 20, siyo manne. Chini ya sogi weka kitu laini ili mgongo usichubuke.

4. Punda akikonda ingawa anakula, akiwa na homa inayokuja na kuondoka, ufizi ukipauka au tumbo likivimba kwa chini, mwite afisa mifugo. Usimchome dawa kwa kipimo cha ng'ombe, inaweza kumuua.

Piga hesabu kabla ya kuuza

Mimba ya punda huchukua kama mwaka 1. Kihongwe asibebe mizigo kabla ya miaka 3. Maana yake, ukimuuza jike leo, wa kushika nafasi yake atapatikana baada ya miaka 4 au zaidi. Pesa yake itakuwa imekwisha zamani, na maji yatarudi kichwani kwa mama na watoto.

Poitou waliona jambo hili. Mashine zilipochukua kazi ya nyumbu, punda wao waliachwa, na mwaka 1977 walihesabiwa 44 tu. Kwetu kazi ya punda ingalipo. Hatari ni wanunuzi wa ngozi. Ndiyo maana Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Kaeni na majirani wa boma, mchague dume moja bora la kuzalisha kwa wote. Baada ya miaka michache mtaliona tofauti kwenye njia ya kisimani.