Asidi Hiyo Msiimwage

*Ndugu mshauri, tunaishi katika nyumba ya urithi hapa Chumbageni, Tanga. Mabomba ya majitaka ni yale ya zamani ya udongo. Siku hizi mtu akioga, maji yanarudi juu bafuni na sinki la jikoni linakoroma. Juzi tulimwaga kostiki soda, haikusaidia. Sasa mwanangu amenunua asidi ya betri. Je, tuimwage?*
*Mama wa Chumbageni*

Shikamoo mama. Hapana, msiimwage, na chupa hiyo iwekwe mbali na watoto leo hii. Ile kostiki ya juzi huenda bado imetuama nyuma ya kilichoziba. Ikikutana na asidi, maji huchemka ghafla na kumrukia mtu usoni. Tena kama mlishatia dawa ya klorini ya kufulia, ikichanganyika na asidi hutoa gesi inayounguza mapafu. Na bomba lenyewe halitapona: udongo uliochomwa hustahimili asidi, lakini saruji ya maungio huliwa.

Shida ya mabomba haya iko hapo hapo kwenye maungio. Yalilazwa vipande vifupi vifupi, kwa hiyo maungio ni mengi. Ardhi ikititia, saruji hupasuka, na mzizi mwembamba kama uzi hupenya ukifuata maji. Ukishaingia hunenepa na kuchanua, ukanasa nywele na mafuta ya kupikia. Kama uani kuna mwarobaini au mwembe, nitaushuku huo kwanza.

Kwa kuwa bafu na sinki vimeathirika pamoja, msihangaike kufungua sinki. Acheni kutumia maji, kisha fungueni chemba iliyo karibu na nyumba. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake; ikiwa kavu, kiko kati yake na nyumba. Mkatazeni mtu yeyote asikaribie na sigara, na asiingie wala kuinamisha kichwa ndani, hata kama kimeanguka kitu cha thamani. Hewa ya majitaka imeua mafundi wazoefu, na waliowafuata kuwaokoa.

Mwiteni fundi bomba mwenye fito za kuzibulia, zile zinazounganishwa kwa skrubu. Mwambieni mapema kwamba mliweka kostiki, avae miwani, glavu ndefu na mabuti. Fito azizungushe kulia tu. Akizungusha kushoto zitafunguka na kipande kitabaki ndani. Asukume polepole, avute, asukume tena. Akitoa nondo, mkatazeni: nondo hutoboa udongo. Mashine ya maji ya kasi nayo isitumike kabla ya kujua hali ya bomba.

Simameni karibu mtazame kinachotoka. Mafuta na nywele, sawa. Mizizi ikitoka, maji yatapita, ila itaota tena. Lakini mkiona vigae vyekundu vyenye upande mmoja unaong'aa, au mchanga usiokwisha, kazi isimame papo hapo. Bomba limevunjika, na kuendelea kuchokoa ni kulibomoa. Hapo pachimbwe, kipande kibovu kiondolewe na kiwekwe cha plastiki, kwa kiungio cha mpira kinachoshika aina zote mbili.

Na kama mna kisima uani, mama, msinywe maji yake mpaka bomba litengenezwe na maji yapimwe.