Nyama au maharagi: nini kinampa mchimbaji nguvu?



Siku ya mshahara, Butembo kama Beni, wengi husema: «Leo ninakula nyama nipate nguvu. Maharagi ni chakula cha maskini.» Je, ni kweli? Tupime vyakula hivi viwili.

MAHARAGI

Gramu 100 za maharagi makavu zina gramu 20 hivi za protini. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta zina karibu kiasi hicho hicho. Protini ndiyo matofali ya mwili: inajenga misuli ya baba na mifupa ya mtoto. Lakini maharagi yakipikwa hunywa maji mengi. Kwa hiyo jaza sahani, kijiko kimoja hakitoshi.

Bugali wa muhogo unashibisha tumbo, ila protini yake ni kidogo sana. Kula maharagi pamoja na bugali wa mahindi au wali: kinachopungua hapa kinapatikana pale. Tena maharagi yana nyuzinyuzi, ambazo nyama haina. Zinasaidia tumbo kufanya kazi vizuri na kupunguza mafuta mabaya katika damu.

NYAMA

Nyama ina madini ya chuma ambayo mwili unayapokea kwa urahisi kuliko yale ya mboga. Ina pia vitamini B12, inayotengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Vitamini hiyo haimo katika maharagi wala katika sombe. Inatoka katika nyama, samaki, mayai na maziwa.

Lakini nyama nyingi yenye mafuta hudhuru moyo. Na mwaka 2015, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama iliyotengenezwa ili ikae siku nyingi, kama sosisi na nyama ya mikebe, inaleta kansa ya utumbo mkubwa.

Jihadhari pia na nyama ya pori. Usiokote wala kuchinja mnyama uliyemkuta amekufa au mgonjwa: anaweza kuwa na Ebola. Tunakumbuka ugonjwa ule uliotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu zaidi ya 2.200 kabla ya kwisha Juni 2020.

NA MTOTO JE?

Baba anapita njiani, anakula mishikaki, anafika nyumbani ameshiba. Watoto wanapata bugali na maji ya mboga. Baada ya miezi michache mtoto anavimba miguu, nywele zinakuwa nyekundu, hataki kula wala kucheza. Ni bwaki, yaani kwashiorkor. Si uchawi. Mpeleke upesi kwenye kituo cha afya, maana bwaki inaua.

Pesa ile ya mishikaki ingeweza kununua ndakala au mayai ya kugawia watoto wote.

SHIKA HAYA

1. Kila siku: maharagi, mbazi au soya, pamoja na lengalenga au sombe. Sombe itwangwe na kupikwa sana ili sumu yake itoke.

2. Tia mafuta mekundu ya mawese kidogo: yana vitamini A kwa ajili ya macho.

3. Kula nyanya, ndimu au chungwa pamoja na maharagi. Mwili utapokea chuma zaidi. Chai ingoje saa moja baada ya kula.

4. Mara chache kwa juma: samaki wa Ziwa Edward, ndakala, yai au nyama kidogo iliyoiva vizuri.

5. Sehemu ya kwanza ya nyama au samaki ni ya mtoto mdogo na ya mama mwenye mimba au anayenyonyesha.

Baba, maharagi yatakupa nguvu za kazi. Kipande kile cha nyama, peleka nyumbani.